Kilima Kipi Upande Kwanza: Tirumala, Tiruchirappalli au Chamundi?

Wengi wa wasemaji wa Kiswahili wanaofika kusini mwa India hawafiki kwa utalii. Wapo wanafunzi wa vyuo vya Bengaluru na Mysuru, na wapo wanaomsindikiza mzazi, mwenza au mtoto kwenye hospitali za Chennai na Bengaluru, ambako wagonjwa kutoka Afrika Mashariki wamekuwa wakipelekwa kwa miaka mingi. Watu hawa siku zao si zao, lakini hutokea muhula ukafungwa, au daktari akasema kwamba majibu ya vipimo yatatoka baada ya siku tatu, na nafasi ya kutoka ikapatikana bila kutarajiwa. Ukimwuliza mwenyeji uende wapi, mara nyingi atakutajia kilima chenye hekalu la kale kileleni, na kwa kuwa kila jimbo lina kilima chake, watu watatu watakupa majibu matatu.

Majibu hayo matatu huwa ni Tirumala katika jimbo la Andhra Pradesh, mwamba wa Tiruchirappalli katika Tamil Nadu, na kilima cha Chamundi mjini Mysuru, katika Karnataka. Kote kutatu kuna ngazi za mawe, kote viatu huvuliwa, na kote utakuta waumini waliosafiri usiku kucha ili wafike alfajiri. Hata hivyo vilima hivi vinatofautiana sana kwa mambo ambayo mgeni huyagundua akiwa amekwisha kulipa nauli, na ulinganisho huu umeandikwa ili ayajue kabla ya kulipa. Sitaanza na urefu wa vilima wala uzuri wa mandhari. Nitaanza na mlango, kwa sababu wengi wetu ni Waislamu au Wakristo, na swali la kwanza kwa mtu asiye Mhindu (namaanisha asiye muumini wa dini ya Kihindu, si asiye Mhindi) ni anaruhusiwa kufika wapi na anaombwa nini ili afike hapo.

Mlango

Tirumala ni makao ya Venkateswara, ambaye kwa waumini wake ni mungu Vishnu aliyeshuka kukaa duniani. Hekalu liko kwenye kimoja cha vilele saba vya milima ya Seshachalam, juu ya mji wa Tirupati, na kwa siku moja hupokea watu kati ya 50,000 na 100,000. Asiye Mhindu hazuiwi kupanda mlima wala kutembea katika mji ulio juu, lakini akitaka kuingia hekaluni kumwona Venkateswara hutakiwa kutia sahihi tamko la maandishi kwamba ana imani naye na anamheshimu. Wageni wengi hulichukulia tamko hilo kama fomu ya mapokezi ya hoteli, wakatia sahihi na kupita. Mimi nalihesabu kuwa jambo zito. Anayetia sahihi maneno asiyoyaamini anawadanganya wenyeji wake katika mahali wanapopathamini kuliko pote, na kama ana dini yake, hiyo nayo ameiweka rehani, tena kwa ajili ya kusimama mbele ya sanamu kwa sekunde chache tu, kwa maana wasimamizi huwasukuma watu wasonge ili foleni isikwame. Kwa Mhindu sekunde hizo zina thamani ya safari nzima. Kumwona mungu na kuonwa naye, ambako wao hukuita darshani, hakupimwi kwa urefu wa muda. Kwa asiye na imani hiyo, ni sekunde chache baada ya saa nyingi za kusimama.

Katika mwamba wa Tiruchirappalli hakuna anayekuomba sahihi. Mwamba huo una mahekalu matatu: la Manikka Vinayagar chini kabisa, la Thayumanaswamy, ambaye ni mungu Shiva, katikati, na la Uchi Pillaiyar, yaani mungu Ganesha wa kileleni, juu kabisa. Asiye Mhindu haruhusiwi kuingia katika vyumba vitakatifu vya mahekalu hayo, na vibao vinamweleza hivyo. Ngazi zenyewe, njia iliyochimbwa ndani ya mwamba, na baraza ya juu inayoutazama mji mzima ni za kila mtu. Mgeni hupita kando ya milango asiyoruhusiwa kuingia, hupanda hadi mwisho, na hakuna anayemtazama kana kwamba amepotea njia. Kizuizi kilichowekwa wazi namna hii nakiona chepesi zaidi kukubali kuliko mlango unaofunguka kwa sahihi ya uongo, kwa kuwa kila upande unajua mpaka wake na hakuna anayelazimika kujifanya mtu mwingine.

Kilima cha Chamundi ndicho kilicho wazi kuliko vyote. Mtu wa dini yoyote huingia katika hekalu la mungu wa kike Chamundeshwari, hupanga foleni pamoja na waumini, na hupita mbele ya sanamu yake bila kuulizwa kitu. Uwazi huo ulijaribiwa hadharani mwaka 2025. Serikali ya Karnataka ilimwalika Banu Mushtaq, mwandishi Mwislamu wa lugha ya Kikannada aliyekuwa ameshinda Tuzo ya Kimataifa ya Booker mwaka huohuo, afungue sikukuu ya Dasara, ambayo hufunguliwa kileleni hapo mbele ya sanamu ya Chamundeshwari. Waliopinga walikwenda mahakamani hadi Mahakama ya Juu ya India, wakashindwa, na mwezi Septemba mwandishi huyo akapanda kilima na kuifungua sikukuu. Mgeni anayesita kama atakaribishwa anaweza kulichukua tukio hilo kuwa jibu lake.

Huenda utasikia pia habari za Palani, kilima cha mungu Murugan upande wa magharibi wa Tamil Nadu, na kwa kweli kisa chake kinavutia: ndugu wawili, Ganesha na Murugan, waliahidiwa tunda moja, atakayetangulia kuizunguka dunia ndiye alipate; Murugan akaruka na tausi wake kuizunguka dunia yote, Ganesha akawazunguka wazazi wake tu akisema kwamba wao ndio dunia yake, akapewa tunda, na Murugan akaondoka kwa hasira akaenda kukaa kilimani peke yake. Nimeliacha nje ya ulinganisho huu kwa sababu Januari 2024 Mahakama Kuu ya Madras, katika kikao chake cha Madurai, iliamuru viwekwe vibao vinavyowakataza wasio Wahindu kuvuka nguzo ya bendera iliyo mbele ya hekalu hilo. Kwa msomaji Mhindu, Palani inabaki kuwa chaguo zuri, na ina gari la kamba kwa asiyeweza ngazi.

Kupanda

Hapa ndipo tofauti zinapokuwa kubwa zaidi, na ndipo ninapowasihi wanaosindikiza wagonjwa wasome taratibu.

Tirumala ina njia mbili za miguu. Ile ya Alipiri ina ngazi 3,550 na urefu wa takriban kilomita 9, na mtu mwenye afya huipanda kwa saa tatu hadi tano. Ile ya Srivari Mettu ina ngazi 2,388 katika kilomita 2 na kitu, fupi lakini kali. Sehemu kubwa ya njia ya Alipiri imeezekwa paa, ina vyoo na maji ya kunywa, na mizigo ya wanaotembea hupelekwa juu bila malipo. Lakini ukiipanda utaona zaidi ya ngazi. Utaona wanawake wakiinama kwenye kila ngazi kuipaka manjano na unga mwekundu, ngazi moja baada ya nyingine, maelfu kwa maelfu. Na karibu na mwisho, pale mlima unaposimama wima, utaona watu wakipanda kwa magoti. Mgeni ambaye hatatia sahihi tamko la imani anaweza kuipanda njia hii yote kihalali, na naamini ndiyo sehemu ya Tirumala inayomfaa zaidi. Njia hiyo hupita msituni, na msitu huo una chui. Mwaka 2023 mtoto aliuawa na chui hapo, na tangu wakati huo kumewekwa masharti juu ya saa za kupita, hasa kwa wanaotembea na watoto. Mwenye mtoto afuate masharti hayo kikamilifu, au apande kwa basi. Barabara ya magari imefika juu tangu mwaka 1944, na ya pili iliongezwa mwaka 1974, kwa hiyo moja hupandisha na nyingine huteremsha.

Mwamba wa Tiruchirappalli una kimo cha mita 83 tu, umesimama peke yake katikati ya mji tambarare, na ngazi zake ni zaidi ya 400. Dakika ishirini au thelathini zinatosha kwa mtu wa kawaida. Kosa la wengi ni kudhani kwamba kwa sababu ni mfupi ni rahisi. Gari halifiki juu, viatu huachwa chini, na ngazi nyingi ziko ndani ya mwamba ambamo hewa huwa nzito na giza kiasi, kisha unatokea ghafla kwenye jua ambako jiwe limekuwa likiota moto tangu asubuhi. Aliyefanyiwa upasuaji wa moyo, wa goti au wa mgongo asijaribu, hata kama anajisikia nafuu, hata kama mwenyeji anamtia moyo.

Chamundi ina ngazi 1,008 kwa hesabu ya wenyeji, zilizojengwa katika karne ya 17 kwa amri ya mfalme Dodda Devaraja Wodeyar, na pia ina barabara nzuri ya lami inayofika karibu kabisa na lango la hekalu. Mabasi ya mji hupanda siku nzima. Hii ina maana kwamba katika familia moja kijana anaweza kupanda kwa ngazi, mzee akapanda kwa basi, na wote wakakutana juu, jambo ambalo kwa Tirumala linawezekana kwa shida na kwa Tiruchirappalli haliwezekani. Njia ninayoipendekeza ni kupanda kwa basi asubuhi na kushuka kwa ngazi, kwa sababu anayeshuka hukutana na fahali Nandi bila kuhema. Nandi ni mnyama wa kupandwa na Shiva, na huyu wa Chamundi amechongwa kutoka jiwe moja, kimo chake karibu mita 5, urefu wake zaidi ya mita 7, na kengele zilizochongwa shingoni mwake zimekaa kana kwamba akitikisa kichwa zitalia. Weusi wake unaong'aa ni wa mafuta yaliyopakwa miaka na miaka.

Ukale, na kile hasa utakachokiona

Ikiwa unachotafuta ni ukale wenyewe, jibu langu halina shaka: nenda Tiruchirappalli. Pembeni mwa njia, kabla ya ngazi za mwisho, kuna pango lililochongwa katika mwamba kwa amri ya mfalme Mahendravarman wa Kwanza wa ukoo wa Pallava, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 7. Hapo panaonekana Shiva akiupokea mto Ganga katika nywele zake ili uzito wa maji usiipasue dunia, na watu wamepiga magoti miguuni pake. Ni moja ya kazi za mwanzo za kuchonga hekalu katika mwamba kwenye nchi ya Watamil, na hata pale lango la nondo linapokuwa limefungwa, sanamu hizo huonekana kutoka nje.

Kwenye nguzo zilizo kando ya sanamu hizo kuna maandishi ya Kisanskriti, na kilichoandikwa ni shairi. Linasema kwamba Parvati, mke wa Shiva, alijua jinsi mumewe apendavyo mito, akahofu kwamba atauona mto Kaveri na kuupenda. Kwa hiyo akaihama nyumba ya baba yake, mlima Himalaya, akaja kukaa hapa mwambani daima, na kila mara husema kwamba mto huu tayari ni mpenzi wa mfalme Mpallava. Mfalme alikuwa akitangaza enzi yake juu ya bonde la Kaveri, na akaitangaza kwa lugha ya wivu wa mke. Maandishi hayohayo yanadokeza kwamba mfalme aliwahi kufuata njia nyingine ya dini kabla ya kumgeukia Shiva, na wanahistoria wengi hudhani njia hiyo ilikuwa ya Kijaini, dini nyingine ya kale ya India. Msomaji aliyekulia katika utamaduni wa mashairi ya kufumba, ambamo mtawala na mto na mke vinaweza kusemwa kwa beti moja, atalisikia shairi hilo vizuri kuliko mtalii mwingine yeyote. Kisha atatoka nje, apande ngazi zilizobaki, na auone mto wenyewe chini yake, mpana, pamoja na kisiwa cha Srirangam na minara 21 ya malango ya hekalu lake kubwa. Mrefu kuliko yote una mita 73 nao ulikamilishwa mwaka 1987.

Hekalu la katikati ya mwamba lina kisa chake pia. Thayumanavar, jina jingine la Thayumanaswamy, maana yake ni yule aliyekuwa mama pia. Wanasimulia kwamba mwanamke mjamzito alikuwa akimsubiri mama yake aje amsaidie kujifungua, lakini Kaveri ukafurika na mama akashindwa kuvuka. Shiva akajivika sura ya mama huyo, akaja, akamzalisha, akamlea pamoja na mtoto, hadi maji yalipopungua na mama halisi akafika mlangoni, na binti akawaona mama wawili. Wanawake wajawazito huja hapa hadi leo kuomba uzazi salama. Mlango wa hekalu hilo umefungwa kwangu na kwa wengi wa wasomaji wangu, lakini kisa chenyewe hakimfungii mtu, na anayemsindikiza binti au mke aliyekuja India kutibiwa matatizo ya uzazi ataelewa kwa nini watu wanapanda.

Tirumala nayo ni ya kale, ingawa ukale wake umefunikwa na dhahabu, umati na ukarabati. Malkia Samavai wa Pallava aliacha maandishi ya zawadi zake mnamo mwaka 966, na Krishnadevaraya, mfalme mkuu wa Vijayanagara katika karne ya 16, alikwenda huko mara saba. Sanamu yake na za wake zake wawili zimesimama ndani ya hekalu, viganja vimeunganishwa, kama mahujaji wengine. Lakini vitu hivyo viko ndani. Anayebaki nje huona mnara wa dhahabu kwa mbali, bwawa la kuogea, na zaidi ya yote huona watu: familia nzima zilizonyolewa vipara, baba, mama na watoto, kwa sababu kutoa nywele ni sadaka ya unyenyekevu hapa. Nywele hizo hupigwa mnada na fedha huingia katika mfuko wa hekalu, na sehemu ya nywele za wanawake huishia katika biashara ya mawigi ya dunia, ile inayofika pia katika saluni za Nairobi na Dar es Salaam. Anayevaa nywele hizo kwa nadra hujua kwamba kuna mwanamke aliyezitoa huku akishukuru kwa kupona kwa mwanawe.

Katika hekalu hilo kuna chombo cha sadaka kiitwacho hundi, neno ambalo kwetu ni la benki, na hata hapa haliko mbali na habari za deni. Waumini husema kwamba Venkateswara alikopa kwa Kubera, mweka hazina wa miungu, ili agharimie harusi yake na Padmavati, na kwamba kila anachotumbukiza hujaji humsaidia kulipa deni lile, ambalo halijaisha. Hujaji huondoka na ladu, tamu la duara la unga wa dengu, samli na sukari, ambalo tangu mwaka 2009 jina lake limelindwa kisheria kama bidhaa ya mahali hapo peke yake. Wa Pwani tunalijua neno na tunaijua tamu inayofanana nayo, ila hii hutolewa kama baraka, na anayeipokea asiitupe.

Kwa Chamundi niseme wazi kwamba ukale si nguvu yake kuu. Kiini cha hekalu huhesabiwa kuwa cha karne ya 12, enzi za ukoo wa Hoysala, lakini mnara wa lango wa ghorofa saba unaoonekana kutoka mbali ulijengwa mwaka 1827 na Krishnaraja Wodeyar wa Tatu. Nguvu yake ni kwamba hekalu, mji na ufalme vimeshikamana hadi leo. Jina la Mysuru lenyewe linatokana na Mahishasura, jitu lenye asili ya nyati ambalo Chamundeshwari aliliua. Sanamu yake yenye rangi kali, upanga mkono mmoja na nyoka mkono mwingine, imesimama karibu na kituo cha mabasi, na watoto huipenda kuliko kitu kingine chochote kilimani. Chamundeshwari alikuwa mlinzi wa wafalme wa Wodeyar, na siku ya mwisho ya Dasara sanamu yake hupitishwa mitaani juu ya tembo, ndani ya kiti cha dhahabu chenye uzito wa kilo 750. Saa moja kwa gari kutoka hapo, au pungufu, iko Srirangapatna, mji mkuu wa Haidar Ali na mwanawe Tipu Sultan, na Mwislamu anayetaka kuona historia ya watawala wa dini yake katika nchi hiihii anaweza kuunganisha safari zote mbili kwa siku moja.

Nauli, majira na mavazi

Kutoka Chennai, Tirumala ndiyo ya karibu: Tirupati iko takriban kilomita 135, na mabasi na treni ni mengi. Tiruchirappalli iko zaidi ya kilomita 300, kwa hiyo panga kulala huko. Kutoka Bengaluru, Mysuru iko takriban kilomita 145, na barabara kuu mpya iliyofunguliwa mwaka 2023 imeirahisisha sana safari ya kwenda na kurudi siku moja. Lakini ukaribu wa Tirumala una hila yake, maana saa zilizookolewa barabarani humezwa na foleni. Tiketi ya kuingia ya rupia 300 hununuliwa mapema mtandaoni na huisha upesi. Asiye nayo hupanga foleni ya bure, ambayo katika sikukuu na mwisho wa juma humweka mtu ndani ya mabanda ya kusubiria saa kumi na zaidi. Ukiwa na miadi ya daktari kesho yake, usiende Tirumala kwa foleni ya bure.

Epuka Tiruchirappalli kuanzia Aprili hadi Juni, maana joto hukaribia nyuzi 40 na jiwe halikanyagiki kwa miguu mitupu baada ya saa tatu asubuhi. Oktoba hadi Desemba ni miezi ya mvua kwa Tamil Nadu na kwa Tirumala. Mysuru, ikiwa juu ya uwanda, ina hewa baridi kidogo mwaka mzima. Mvua zake nyingi ni za Mei hadi Oktoba.

Kuhusu mavazi, Tirumala ina sheria kamili kwa anayeingia hekaluni: wanaume huvaa shuka jeupe la kufunga kiunoni au suruali pana ya kienyeji pamoja na nguo ya juu, wanawake huvaa sari au gauni na suruali yenye mtandio. Kwingine nguo ya heshima inatosha, na mwanamke wa Pwani aliyevaa dera na mtandio, au mwanamume aliyevaa kanzu, amekwisha kutimiza zaidi ya kinachotakiwa. Simu na kamera haziingii hekaluni Tirumala, na kwingine kote usipige picha chumba cha ndani wala mtu anayeomba. Tirumala nzima ni marufuku nyama, pombe, sigara, na kuhubiri dini nyingine. Asiyeweza kuyaacha hayo kwa siku moja asipande.

Nani achague kipi

Msomaji Mhindu, na wako wengi wanaosema Kiswahili kama lugha ya nyumbani kuanzia Mombasa hadi Mwanza, hahitaji ushauri wangu: Tirumala ndiyo, kwa miguu kama afya inaruhusu, na siku mbili kamili, ya pili ikiwa ya hekalu la Padmavati huko Tiruchanur, chini ya mlima.

Mwenye mgonjwa anayepata nafuu, mwenye mtoto mdogo, au mwenye siku moja tu kutoka Bengaluru, achague Chamundi. Ni kilima pekee kati ya vitatu ambapo anaweza kuingia ndani kwa haki, akaketi kivulini akinunua maji ya dafu, na akarudi mjini kabla ya giza. Afike kabla ya saa nne asubuhi, kwa sababu hekalu hufungwa mchana kwa muda na wasiojua hukaa wakisubiri juani.

Mwanafunzi mwenye miguu mizima na hamu ya kuwaelewa watu anaoishi nao apande Alipiri hata kama hataingia hekaluni. Aanze alfajiri, atembee kwa mwendo wa mahujaji, na mwisho wa ngazi ageuke arudi kwa basi.

Na mimi, kwa kuwa nimeulizwa na wengi kilima changu ni kipi, nachagua mwamba wa Tiruchirappalli. Nachagua kimo chake kidogo, mipaka yake iliyosemwa wazi, na shairi lake la wivu lililodumu karibu miaka 1,400 juu ya mto uleule. Ukienda, panda mnamo saa kumi na moja jioni, jiwe linapoanza kupoa. Upande wa kaskazini utauona Kaveri, na chini, katikati ya paa za nyumba, utauona mnara mwembamba wa kanisa la Mama wa Lourdes; ukiteremka na bado una nguvu, mwulize dereva wa bajaji akupeleke kwenye kaburi la walii Nathar Vali, ambalo liko katika mji huohuo.